Muungano wa Viini na Umeme Usiokuwapo: Uhakiki wa Tafsiri

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani kwa ofisa wa istilahi, hakuna imtiayo mashaka kama tafsiri ambayo sarufi yake haina dosari, sentensi zake zinatiririka, na hata hivyo inayoyasema si kweli. Tafsiri mbovu hujifichua yenyewe. Msomaji husita, akauliza. Tafsiri fasaha yenye kosa la dhana hupita kila mlango bila ya kusimamishwa.

Makala haya yanahusu tafsiri ya namna hiyo. Ni kijitabu cha kurasa kumi na mbili kinachoeleza juhudi za mataifa za kupata umeme kutokana na muungano wa viini vya atomu. Kilifasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu wa sayansi wa shule za msingi na maofisa mipango wa wilaya, kikaletwa kwetu ili kihakikiwe. Jina la mfasiri na la ofisi iliyomwagiza kazi hayatajwi hapa, maana lengo letu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, mwandishi wa makala haya naye ni mshitakiwa katika shauri hili: miaka michache iliyopita alipokea muswada mwingine wenye istilahi mojawapo kati ya hizi zitakazolaumiwa hapa chini, akaupitisha.

Nakala kadhaa za kijitabu hicho zilikuwa zimekwisha kugawiwa kabla ya kuhakikiwa. Katika semina moja ofisa mipango alisimama, kijitabu mkononi, akauliza: ikiwa umeme wa namna ya jua umekwisha kupatikana tangu mwaka 2022, na ikiwa hauna taka na mafuta yake ni maji ya bahari, kwa nini wilaya yake iendelee kutenga fedha za nguzo na transfoma? Wenzake wakacheka. Hakustahili kuchekwa. Alikuwa amesoma Kiswahili, akaelewa kila neno aliloandikiwa. Kosa lilikuwa katika maneno yenyewe.

2. Dhana kwa ufupi

Hapana budi kwanza tukubaliane juu ya jambo linalotajwa, maana istilahi haiwezi kuhukumiwa bila ya dhana yake.

Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya. Viini viwili vikikaribiana husukumana. Vikilazimishwa kukaribiana mno, kani nyingine, kubwa zaidi lakini yenye kufanya kazi katika umbali mdogo sana, huvishika na kuviunga. Jumla ya masi baada ya tendo hilo huwa pungufu kidogo kuliko ya awali, na upungufu huo hudhihirika kuwa nishati. Ndivyo jua linavyowaka. Kitovu cha jua kina joto la nyuzi milioni 15 hivi za Selsiasi, na uzito wa jua lenyewe husaidia kuvibana viini. Hapa duniani hatuna uzito wa namna hiyo, kwa hiyo mitambo yetu hulenga joto la takriban nyuzi milioni 150.

Viini vinavyotumiwa zaidi ni vya aina mbili za haidrojeni, yaani deuteriamu na tritiamu. Vikiungana hutoa kiini cha heliamu na nyutroni moja, na nyutroni hiyo huondoka na asilimia 80 hivi ya nishati yote. Kwa kuwa haina chaji, sumaku haiwezi kuizuia. Hutoka, hupenya ukutani, na mwendo wake hugeuka kuwa joto. Kuanzia hapo kazi ni ileile ya kituo chochote cha mvuke: joto lichemshe maji, mvuke uzungushe turbini, turbini izungushe jenereta. Katika hatua hizo takriban theluthi moja tu ya joto huwa umeme. Sehemu iliyobaki hupotea.

Msomaji akikumbuka kwamba safari hii ina vituo vingi, na kwamba umeme umo katika kituo cha mwisho, ameshika ufunguo wa uhakiki wote unaofuata. Kijitabu chetu kinaanza katika kituo cha kwanza na papo hapo kinatangaza kwamba kimewasili.

3. Myeyuko, muungano na mpasuko

Kijitabu kinaitwa "Myeyuko wa Nyuklia". Asili ya kosa hili yaonekana wazi. Neno la Kiingereza linalohusika limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumimina na kuyeyusha madini, na kamusi za kawaida huanza na maana hiyo ya kuyeyuka. Mfasiri alilichukua jibu la kwanza la kamusi. Ndilo neno hilohilo nililolipitisha mimi.

Lakini viini haviyeyuki. Barafu huyeyuka, samli huyeyuka, risasi juu ya moto huyeyuka. Katika yote hayo kitu kigumu huwa kimiminiko na atomu zake hubaki zilezile. Katika muungano wa viini, deuteriamu na tritiamu hazipo tena baada ya tendo, na heliamu, ambayo haikuwapo, imekuwapo. Mwalimu atakayefundisha jambo hili kwa neno "myeyuko" atamwambia mtoto kinyume cha kiini cha somo.

Liko kosa kubwa zaidi. Katika habari za nyuklia, kuyeyuka ni jina la maafa. Mwaka 1986 huko Chernobyl, na mwaka 2011 huko Fukushima, fueli ya urani ndani ya vinu iliyeyuka, na maelfu ya watu wakahamishwa makwao. Kwa hiyo sentensi ya ukurasa wa pili, isemayo kwamba "wanasayansi wa Marekani wamefaulu kusababisha myeyuko wa nyuklia", kwa msomaji anayekumbuka Fukushima ni habari ya kutisha, na kwa asiyekumbuka ni habari isiyo na maana. Neno moja limeifanya furaha ya maabara kuwa msiba.

Limesikika pia neno "myeyungano", lililofumwa kwa kuyeyuka na kuungana. Nalitambua kuwa ni juhudi ya kuokoa pande zote mbili, lakini nusu yake ya kwanza ni kosa lilelile lililotiwa kilemba. Inafaa tuachane nalo.

Tunapendekeza "muungano wa viini". Wapo watakaopinga kwamba neno Muungano kwa Mtanzania lina maana yake mahsusi, ya nchi mbili kuwa moja. Hoja hii haina uzito, maana istilahi haisimami peke yake. Hakuna atakayesoma "muungano wa viini vya atomu" akadhani anasoma habari za katiba. Kinyume chake, maana hiyo inayofahamika na wote inamsaidia mwanafunzi: viwili vimekuwa kimoja. Pia linapatana vema na mwenzake, "mpasuko wa viini", tendo la vinu vya urani vinavyozalisha umeme leo, ambamo kiini kikubwa hupasuka kuwa vidogo. Muungano na mpasuko ni maneno mawili yanayopingana kama matendo yenyewe yanavyopingana, na Kiswahili hapa kina bahati ambayo Kiingereza hakina, maana katika lugha hiyo maneno haya mawili yanafanana kwa sauti kiasi cha kuwachanganya hata wenyewe.

4. Nguvu, nishati na uniti

Kasoro ya pili ni ya zamani, nayo ni neno "nguvu". Katika kijitabu, nguvu ni kani inayosukuma viini. Nguvu ni nishati inayotoka. Nguvu ni kiasi cha nishati kwa sekunde. Na nguvu ni umeme wenyewe. Dhana nne zimevalishwa kanzu moja. Najua kwamba mazoea hayo yameingia hata katika majina rasmi, kama vile Tume ya Nguvu za Atomiki, na majina ya vyombo vilivyoundwa kwa sheria hayabadilishwi na makala. Lakini maelezo ya sayansi si jina la chombo, na yanapaswa kutenganisha.

Madhara yanaonekana katika ukurasa wa nne. Hapo tunasoma kwamba tarehe 5 Desemba 2022, katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore huko California, "mitambo ilizalisha nguvu za megawati 3.15, zaidi ya nguvu zilizotumika". Sentensi hiyo fupi ina makosa matatu.

Kwanza, vipimo. Zilikuwa megajuli 3.15, si megawati. Megajuli ni kipimo cha nishati; megawati ni kipimo cha kasi ya kuitoa. Tofauti yake ni kama ya lita za maji na lita kwa dakika. Ofisa mipango anajua megawati, maana husikia kila siku vituo vya umeme vikitajwa kwa kipimo hicho. Basi akadhani ameonyeshwa kituo kidogo cha umeme.

Hebu tuigeuze namba hiyo kuwa lugha ya nyumbani. Uniti moja ya umeme tunayonunua, yaani kilowati moja kwa saa moja, ni sawa na megajuli 3.6. Nishati yote ya tukio lile kuu haikutimia hata uniti moja. Ingetosha kuchemsha lita kumi za maji zilizokuwa na joto la nyuzi 25. Haya siyasemi kwa kudharau, maana nishati hiyo ilitoka katika kifuko kisichozidi punje ya pilipili manga, na wataalamu waliifukuzia kwa miongo kadhaa. Lakini mfasiri angeandika "uniti moja kasoro", hakuna ofisa ambaye angeuliza habari za nguzo.

Pili, lile lililozalishwa lilikuwa joto na mnururisho. Umeme haukuzalishwa hata chembe, wala mtambo ule hauna turbini wala jenereta. Ulijengwa hasa kwa ajili ya utafiti unaohusiana na silaha za nyuklia za Marekani. Jambo hilo kijitabu kimelinyamazia.

Tatu, maneno "zaidi ya nguvu zilizotumika". Hayo yanahitaji sehemu yao peke yao.

5. Faida ya nani?

Ukurasa wa tano unasema kwamba tukio hilo "limeleta faida". Neno hili ni la sokoni, na sokoni lina masharti. Mchuuzi wa samaki akinunua ndoo kwa shilingi elfu ishirini na kuuza kwa thelathini, hathubutu kusema amepata faida ya elfu kumi kabla hajatoa nauli, barafu na ushuru. Akisema hivyo nyumbani, ataulizwa fedha ziko wapi.

Wanasayansi wa Livermore walihesabu kwenye shabaha tu. Leza 192 zilifikisha megajuli 2.05 mahali palipolengwa; zikatoka 3.15. Hesabu hiyo ni halali kwa swali walilouliza, yaani kama kifuko kinaweza kutoa zaidi ya kilichokipiga. Lakini ili leza zifikishe hizo 2.05, mtambo ulivuta katika gridi megajuli 300 hivi. Tuseme joto lile la 3.15 lingepelekwa kwenye turbini nzuri: theluthi yake ingekuwa megajuli moja na kidogo ya umeme. Imetoka 300, imerudi moja. Kwa lugha ya mchuuzi hiyo ni hasara. Na kituo cha umeme cha namna hiyo kingehitaji kupiga vifuko mara kadhaa kila sekunde, usiku na mchana, ilhali mtambo ule hupiga mara chache tu kwa siku.

Kijitabu kinalirudia kosa hilihili kinapofika Ufaransa, ambako mtambo mkubwa uitwao ITER unajengwa Cadarache kwa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani. Mfasiri ameandika kwamba mtambo huo "utatumia megawati 50 na kuzalisha megawati 500 za umeme". Neno "umeme" hapo ni nyongeza yake mwenyewe. Megawati 500 zinazokusudiwa ni za joto. Megawati 50 ni joto litakalotiwa ndani ya plazima, wala si umeme wote utakaovutwa na pampu, mitambo ya kupasha joto, na majokofu ya kupozea sumaku hadi nyuzi 269 chini ya sufuri. ITER haikusudiwi kuzalisha umeme. Ni mtambo wa majaribio, na kuuita "kinu cha umeme", kama kijitabu kinavyofanya mara tisa, ni kuuvika vazi ambalo waliobuni wenyewe hawakuudai.

Hivyo basi tunashauri neno "faida" lisitumiwe peke yake katika habari hizi. Kisemwe "ziada kwenye shabaha" ikiwa ndiyo iliyopimwa. "Ziada ya plazima" ikiwa joto lililotiwa ndani ya plazima linalinganishwa na lililotoka. Na "ziada ya mtambo" pale tu umeme unaotoka utakapozidi umeme wote unaoingia. Hadi leo hakuna mtambo wowote duniani wa kuunganisha viini uliofikia ziada hiyo ya tatu. Mfasiri atakayelazimika kuchagua kati ya maneno haya atalazimika kwanza kuuliza ni ipi iliyopimwa.

6. Maneno yaliyobuniwa vema, na yaliyokwama

Uhakiki usio na sifa ni ugomvi. Mfasiri wetu amebuni neno moja ambalo natamani ningelibuni mimi. Plazima, ambayo ni gesi iliyopashwa joto hadi elektroni zikaachana na viini, haiwezi kuachwa iguse ukuta. Ikigusa hupoa papo hapo na kuuharibu ukuta. Kwa hiyo huzungushiwa sumaku. Mfasiri ameuita uzio huo "zizi la sumaku". Neno hili linaeleza kazi, linaeleza tabia ya kilichozuiwa, na linaeleza hata tatizo, maana zizi lisilokazwa hutoroka ng'ombe. Ni kutoroka huko kwa joto ambako John Lawson wa Uingereza alikuhesabu mwaka 1955, akaonyesha kwamba joto peke yake halitoshi: wingi wa viini na muda wa kuvizuia navyo vina masharti yao. Tunalipendekeza neno "zizi la sumaku" lipokewe bila ya mabadiliko. Mtambo wenyewe, wenye umbo la mpira wa ndani wa baiskeli, uitwe "tokamaki". Ni kifupisho cha maneno ya Kirusi, na lugha karibu zote zimelikopa hivyo.

Kwa upande mwingine, "plazima" limefasiriwa mahali pamoja kuwa "mvuke wa moto", na pengine kuwa "maji ya damu", kwa sababu wauguzi wana plazima yao. Tukubali kutohoa, na katika matumizi ya kwanza tuongeze maneno "hali ya nne ya maada".

Tukio la Desemba 2022 lilielezwa na watafiti kuwa ni moto uliojishika wenyewe. Kijitabu kinasema "mlipuko ulifanikiwa". Lakini Kiswahili cha jikoni kina neno kamili. Mpishi akipuliza kuni, huwa moto umewashwa. Kuni zikianza kuungua bila ya kupulizwa tena, husema moto umeshika. Hiyo ndiyo tofauti inayotakiwa: joto la viini vya heliamu vilivyozaliwa limezidi joto linalopotea. Tunapendekeza "kushika moto". Nilitaka kufupisha kuwa "mshiko", nikaonywa na vijana wa ofisini kwamba mshiko kwao ni fedha.

Lililokwama kabisa ni hili: "blanketi la kufugia tritiamu". Nimelisoma mara tatu. Tritiamu hainyweshwi maji wala haichungwi. Asili yake ni jambo zito ambalo kijitabu kimelipoteza kwa kicheko. Deuteriamu kweli imo baharini, katika haidrojeni moja kati ya 6,400 hivi. Tritiamu haimo kwa kiasi cha kuchotwa. Ni nururifu, hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3, na akiba iliyopo duniani ni ndogo, ikitoka hasa katika vinu fulani vya mpasuko. Kituo cha umeme kitalazimika kujizalishia tritiamu yake kwa kuzungusha lithiamu nje ya plazima, ili nyutroni ziipige na kuigeuza. Tabaka hilo la lithiamu tuliite "gamba la kuzalishia". Na hakuna bado aliyeonyesha gamba hilo likikilisha kituo kizima.

Kwa hiyo sentensi "mafuta yake ni maji ya bahari" ina makosa mawili. Neno "mafuta" humpeleka msomaji kwenye petroli. Lifaalo ni "fueli". Na bahari inatoa nusu tu ya fueli. Vilevile sentensi "haina mionzi wala taka" lazima ifutwe. Nyutroni hufanya chuma cha ukuta kuwa nururifu na hukidhoofisha, kwa kuzitoa atomu zake mahali pake. Kilicho kweli ni kwamba taka hizo zinatarajiwa kupoa mapema zaidi kuliko fueli iliyotumika ya vinu vya mpasuko, na kwamba mtambo ukiharibika muungano hukoma wenyewe. Hiyo ni sifa ya kutosha, haihitaji chumvi.

7. Nyakati za vitenzi

Nimeiweka mwisho kasoro ninayoiona kuwa mbaya kupita zote, ingawa haihusu istilahi hata moja. Ni kiambishi "-me-". Pale ambapo matini ya asili ilisema jambo huenda likawezekana, kijitabu kinasema limewezekana. Pale iliposema watafiti wanatumaini, kijitabu kinasema wameahidi. Kiswahili kina "huenda", kina "-nge-", kina "yamkini", kina "inatazamiwa". Mfasiri hakutumia hata kimoja, pengine kwa kuona kwamba mashaka ni udhaifu wa lugha.

Kosa hili halikuanza kwetu. Mwezi Januari 1958 wanasayansi wa Harwell, Uingereza, walitangaza kwamba mtambo wao uitwao ZETA ulikuwa umetoa nyutroni. Mkuu wao, John Cockcroft, alipobanwa na waandishi wa habari alisema ana hakika kwa asilimia 90 kwamba zilitokana na muungano wa viini. Magazeti yaliibeba tisini, yakaiacha kumi. Kufika mwezi Mei ilibidi itangazwe kwamba asili ya nyutroni zile ilikuwa nyingine. Ile kumi ndiyo iliyokuwa kweli.

Wanaojenga mitambo hii wenyewe husema kwa hadhari, na ratiba zao zinaonyesha sababu. ITER ilipangwa kuwa na plazima yake ya kwanza mwaka 2025. Mwaka 2024 ratiba ikarekebishwa, utafiti uanze 2034, na kazi ya deuteriamu na tritiamu 2039. Mtambo wa JET, huko Culham, Uingereza, katika majaribio yake ya mwisho ya mwaka 2023 ulitoa megajuli 69 katika muda wa sekunde tano hivi, kwa miligramu 0.2 tu za fueli, nayo ikawa rekodi. Hata hivyo joto lililotoka lilikuwa pungufu kuliko lililoingizwa. Mwezi Februari 2025, mtambo mmoja wa Ufaransa uliishikilia plazima kwa sekunde 1,337, yaani dakika 22. Hizo ni hatua za kweli, na mwalimu ana haki ya kuzisimulia kwa fahari. Lakini wahenga walituonya tusikate kanzu kabla ya mwana kuzaliwa, na kiambishi "-me-" katika kijitabu hiki kimekwisha kushona kanzu, kofia na viatu.

8. Mapendekezo

Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu maneno yafuatayo, na kutuletea maoni yao:

(a) Muungano wa viini: tendo la viini vyepesi kuwa kiini kizito zaidi, pamoja na kutoa nishati. Lisitumiwe "myeyuko" wala "myeyungano".
(b) Mpasuko wa viini: tendo la kiini kizito kugawanyika.
(c) Nishati: hupimwa kwa juli au kwa uniti za umeme. Lisibadilishwe na "nguvu".
(d) Ziada kwenye shabaha, ziada ya plazima, ziada ya mtambo: badala ya "faida".
(e) Zizi la sumaku: uzio wa sumaku unaoizuia plazima.
(f) Kushika moto: hali ya muungano kujipasha joto wenyewe.
(g) Gamba la kuzalishia: tabaka la lithiamu linalotengeneza tritiamu.
(h) Mtambo wa majaribio: kila mtambo usio na jenereta. "Kituo cha umeme" lingoje hadi umeme utoke.

9. Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu wachache, na kwamba lugha yetu ina kazi zilizo karibu zaidi. Jibu letu ni yule ofisa aliyechekwa. Hana maabara, wala hatawahi kuiona tokamaki. Ana kijitabu, ana bajeti, na ana vijiji vinavyongoja. Kati yake na California hakuna mtu mwingine ila mfasiri. Mfasiri akisema "umeme" mahali pa "joto", ofisa hana njia ya kujua.

Kijitabu kimerudishwa kwa marekebisho, na mfasiri, kwa uungwana wake, ametuandikia kwamba anakubali mengi, lakini analitetea neno "faida". Barua yake ina hoja za kusikilizwa, nasi tutaijadili katika kikao kijacho cha istilahi. Kuhusu muswada ule nilioupitisha mimi miaka ile ukiwa na "myeyuko" ndani yake, nimekwisha kuwaandikia wachapishaji.